Mafunjo na mawe ya ufukweni Mwanza: yasafishwe au yaachwe?

Mchokoza Mada: Wakuu, habari za mchana. Huku kwetu Luchelele kuna mwenye kiwanja kakata mafunjo yote, kang'oa mawe kwa katapila, kamwaga mchanga, eti bichi. Majirani wengine wanasema kapendezesha mtaa, wavuvi wananuna kwamba kaua mazalia ya samaki. Swali langu: hilo pori la ufukweni lina faida gani zaidi ya kufuga nyoka na mbu?

Mtoto wa Mkolani: Apewe zawadi huyo. Dar watu wanalipa kiingilio kuona maji, sisi tuna ziwa zima tunalichungulia kwenye matete.

Mvuvi Mstaafu: Kijana, chini ya mafunjo maji hayana hewa ya kutosha, na sangara ni samaki wa hewa nyingi, haingii humo kiholela. Ndiyo maana furu (hawa samaki wadogo wadogo wa ziwani), sato wachanga na kamongo (huyu anapanda juu kuvuta pumzi) wanajibanza mle. Mawe nayo kila ufa una mwenyewe. Sangara alipolipuka miaka ya 80, furu wa maji ya wazi walifagiwa. Wa kwenye mawe na mafunjo ndio walipata pa kujificha. Ukishasawazisha kote na kumwaga mchanga, umemwandalia sangara sahani.

Komredi Pasiansi: Mzee, tuwalaumu Wajerumani waliomleta sangara, sio mwenye bichi.

Ticha Bio: Komredi, Mjerumani aliondoka na Vita ya Kwanza. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, upande wa Uganda. Na mzee amesahau tope. Ukikata mafunjo, mvua ikinyesha udongo wote unaishia ziwani. Kwenye mawe ya kisiwa cha Makobe kuna furu wawili ndugu: dume la mmoja ni la bluu, anakaa juu juu, dume la mwingine ni jekundu mgongoni, anakaa chini kidogo. Jike anachagua mume kwa rangi. Maji yakichafuka haoni, anaolewa na yeyote, na kusini mwa Ghuba ya Mwanza kwenye maji ya tope wameshachanganyika. Huyo mwekundu, Waholanzi waliokuwa wakitafiti hapa walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985.

Komredi Pasiansi: Jina la Mwalimu kwa furu? Hapana, hiyo ni dharau. Wangempa sangara.

Tanga Asilia: Sangara mlafi ndiyo apewe jina la Mwalimu? Komredi fikiri kabla ya kuandika. Ila mvuvi yuko sahihi, huku kwetu matumbawe yakipigwa baruti kinabaki kifusi na changu hawarudi. Tatizo nyie Mwanza mnajifanya wataalamu wa samaki huku minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mnabaki kugombania mapanki, mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu 😂

Ng'wana Kirumba: Wewe Tanga, chunga mdomo. Panki umewahi kulila au unalisikia kwa watu? Likaushwe, likaangwe mpaka mfupa ulie kwenye meno, ugali wa muhogo pembeni. Huku soko la Mwaloni linapandishwa kwenye malori, linakwenda mikoa ambayo hata ziwa hawajaliona. Nyie kaeni na ngisi wenu wa raba.

Tanga Asilia: Raba ni mpishi wako. Na ukikaanga mfupa, bado ni mfupa.

Mtoto wa Mkolani: Kwa hili naungana na Kirumba.

Dada wa Igombe: Mnabishania mifupa. Mimi nachota maji hapo kwenye matete. Mamba akijibanza humo haulizi kama wewe ni mwanamazingira. Wanaume mnaotetea mafunjo, ndoo huwa anabeba nani?

Mvuvi Mstaafu: Mwanangu, ndoo nimebeba kabla hujazaliwa. Fyekeni njia ya kuteremkia maji, nani kakataza? Huyu kafyeka ufukwe mzima. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Dada wa Igombe: Hizo mita 60, baba, zinapimwa kwa mwenye bustani ya mchicha. Bustani yangu iling'olewa. Wa bichi anapimiwa na nani?

Ng'wana Kirumba: Hapo dada umepiga. Ila Tanga bado hajaomba radhi.

Mchokoza Mada: Wakuu, mada ni mafunjo.

Tanga Asilia: Siombi. Leteni panki Tanga tulionje, tuamue.

Komredi Pasiansi: Ticha, na huyo furu wa Mwalimu, analiwa?

Ticha Bio: Analiwa, ila ni mdogo, hajazi kiganja. Ukitaka kushiba tafuta sato.