Kongamano la Dar au jarida moja kwa moja? Nina laki saba tu, nishaurini

Mtama_wa_Kongwa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa masta hapa Dodoma. Tasnifu iko kwa msimamizi, inahusu kaya za Kongwa zinavyohifadhi mtama: kihenge kwa upande mmoja, mifuko isiyopitisha hewa kwa upande mwingine. Chuo kinataka makala iliyokubaliwa na jarida kabla sijavaa joho. Mfukoni nina laki saba za kufundisha tuisheni, na hakuna nyingine inayokuja karibuni.

Njia ninazoziona ni tatu. Kuna kongamano Dar, siku tatu, ikisiri yangu imeshakubaliwa, ada ya mwanafunzi laki moja na nusu. Au niachane na safari, nipeleke makala kwenye jarida la hapa nchini, ambako naambiwa jibu linaweza kuchukua miezi. Ya tatu imejileta yenyewe: juzi nimepata barua pepe kutoka jarida la "kimataifa", inaanza na "Mheshimiwa Profesa". Profesa mwenyewe nadaiwa kodi ya chumba Ng'ong'ona! Wanataka dola 120, makala inatoka ndani ya siku tano. Mngekuwa mimi mngeenda wapi?

Bahi_Road

Hiyo ya tatu ifute kabla hujamaliza kusoma uzi wako mwenyewe.

Mama_Zabibu

Mdogo wangu, mimi sikuifuta. Nililipa. Sikutaja jina la jarida wakati ule kwa aibu na leo sitalitaja, ila nikusimulie ilivyokuwa. Nilituma Jumatatu, Alhamisi nikaambiwa "imekubaliwa bila marekebisho". Makala ya kurasa kumi na nne, hakuna hata koma moja iliyoguswa! Nilifurahi kama mtoto wa Idi. Nilipoipeleka idarani, mzee mmoja akaisoma kimya, akaniuliza: "Mhakiki wako alisema nini kuhusu sampuli?" Sikuwa na jibu, kwa sababu mhakiki, yule msomi wa kuikagua makala kabla haijatoka, hakuwepo.

Hela sikuililia sana. Kilichoniuma ni kwamba makala ile sikuweza kuipeleka kwingine, maana majarida ya kweli hayapokei kitu kilichokwisha kuchapishwa. Kuwaomba waiondoe wakataka malipo mengine. Data ya mwaka mzima nikaizika hivyo.

Kabla ya kutuma popote, fanya hivi. Kama jarida linajiita la wazi kwa wote, yaani la kusomwa bure mtandaoni, litafute DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo. Kama ni la Afrika, litafute AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, nao wako kazini tangu 1998. Usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya jarida, ingia huko mwenyewe. Wakijitangaza kwa kipimo cha athari (impact factor, yaani makala zao hunukuliwa kiasi gani), kumbuka kipimo kinachotambulika hutolewa na kampuni ya Clarivate. Hivyo vingine vyenye majina ya kufanana ni vya kununua. Halafu chagua jina moja kwenye bodi ya wahariri, mwandikie kwa anwani ya chuo chake. Mimi nilikuja kufanya hivyo baadaye, mhusika akanijibu hajawahi kulisikia jarida lile.

Kipima_Mvua

Naungana na dada hapo juu, ila hata kongamano mimi naliona anasa kwa mtu mwenye laki saba. Utarudi na mkoba, cheti na picha ya pamoja. Joho linadai makala. Kaa chini uandike. Kwa mada yako kuna Tanzania Journal of Agricultural Sciences la SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na hapa hapa mjini Chuo cha Mipango wana Rural Planning Journal. Soma matoleo yao mawili matatu uone wanapenda nini, soma na maelekezo ya ada, ndipo utume.

Chako_ni_Chako

Mkuu Kipima, hapo nakataa. Mimi mada yangu ilikuwa mahindi, siyo mbali na ya mtoa mada. Nilipewa dakika kumi na tano, slaidi nilizokuwa nazo thelathini. Nilifika ya kumi na mbili mwenyekiti akanyanyua karatasi ya njano. Jasho! Lakini kwenye maswali, mama mmoja wa mstari wa nyuma akauliza: "Unyevu wa nafaka ulipima kabla ya kufunga mfuko au baada?" Nilikuwa nimepima baada tu. Akaeleza bila kunidhalilisha kwamba mfuko usiopitisha hewa hauikaushi nafaka. Ukifunga mbichi, ukungu unabaki nao humo ndani. Na sisi wa kanda hii sumukuvu, sumu ya ukungu huo, tunaijua, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Nilirudi nikarudia vipimo kwa kaya chache, nikaandika wazi upungufu uliobaki. Jarida lilipojibu, mhakiki wa pili aliuliza swali lile lile la unyevu, nami jibu ninalo. Hiyo siyo picha ya pamoja.

Kipima_Mvua

Sawa, hilo la unyevu limenigusa. Lakini si angeulizwa hata kwenye semina ya idara, bure?

Chako_ni_Chako

Idarani kwetu waliokuja walikuwa saba, wanne wakisubiri chai.

Mtama_wa_Kongwa

Hahaha. Swali: nikiwasilisha Dar, si nitakuwa nimeshachapisha? Nisije nikajifungia mlango kama da Zabibu.

Msomi_wa_Usiku

Mimi ni mhariri msaidizi wa jarida dogo, nijibu hili. Ikisiri ya maneno mia mbili au tatu kwenye kitabu cha kongamano kwa kawaida haizuii kitu. Tatizo ni pale waandaaji wanapochapisha makala kamili kwenye kumbukumbu za kongamano. Hapo baadhi ya majarida yatasema umeshachapisha, mengine yatataka uongeze kitu kipya cha maana. Waulize waandaaji kabla hujawapa makala kamili. Wape ikisiri na slaidi, basi. Na ukituma jaridani, taja kwenye barua kwamba kazi iliwasilishwa mahali fulani. Usitume majarida mawili kwa mpigo, hilo hatulisamehe.

Kuhusu ada: ukipenda jarida la nje linalotoza, wachapishaji wengi wana msamaha kwa waandishi wa nchi kama yetu. Uombwe wakati wa kutuma. Watu wanakuja kulia baada ya kukubaliwa, wakati ankara imeshatoka.

Bahi_Road

Piga hesabu basi. Treni ya umeme daraja la kawaida ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Ada 150,000. Lala kwa ndugu, usilale hotelini. Hujafika hata laki tatu. Waandikie pia waandaaji kuuliza punguzo, mwenzangu alipunguziwa nusu kwa kuomba tu.

Mtama_wa_Kongwa

Shangazi yuko Kimara, chumba kipo. Basi nimeamua: naenda Dar na ikisiri tu, makala kamili haitoki mkononi mwangu. Nikirudi naandika wiki tatu, naanza na jarida la hapa nyumbani. Kesho asubuhi nakwenda Kongwa na kipima unyevu cha kuazima, kabla yule mama hajaniuliza na mimi. Ila waandaaji wamesema naweza kuchagua bango badala ya kuzungumza. Nani anachapa bango la A0, ile saizi kubwa, Dodoma bila kunichuna?

Mama_Zabibu

Chagua kuzungumza. Ukilazimika bango, lichape kwenye kitambaa, la karatasi litakunjika treni haijafika Morogoro. Ulizia wachapaji wa mabango ya harusi mitaa ya Jamatini. Na hakikisha wewe mwenyewe herufi, mimi waliniandikia "mtima" badala ya "mtama".