Mjadala: Rashi ya dhahabu ikilipuka, ifungwe au waachiwe wachimbaji?

Mtu wa Lwamgasa: Wakuu, dhahabu ikionekana shambani kwa mtu, wiki haiishi watu wanamiminika, ndiyo rashi hiyo: maturubai, chipsi, bodaboda, makarasha ya kusaga mawe yananguruma. Mara inakuja amri watu waondoke. Mimi nasema waachwe, awekwe msimamizi, serikali ichukue mrabaha wake asilimia 6 na ile 1 ya ukaguzi. Mchimbaji mwenyewe hata hivyo hatajiriki, hela yote inaliwa na mamantilie.

Binti Karasha: Inaliwa na nani? Nimepika rashini mimi. Dumu la maji linapanda bei kabla duara, yaani shimo la kuchimbia, halijafika hata kwenye mwamba. Kuni za kununua. Halafu mnakula kwa daftari, mawe yakigoma kutoa dhahabu mnahama usiku.

Kifusi: 😂😂 Na sahani wanabeba.

Mtu wa Lwamgasa: Dada punguza jazba. Nimesema tu wali maharage wa mgodini bei yake kama ya hotelini Mwanza.

Mzee wa Chunya: Mnagombea wali, watu wanafukiwa! Duara halina matimba, miti ya kushikilia kuta, mvua ikipiga kingo zinakatika. Zebaki ya kunasia dhahabu inachomwa palepale watoto wanapocheza. Kufunga kuna sababu. Huku kwetu rashi ya Lupa ya miaka ya 1930 ilileta watu kutoka kila pembe, kisha mji ukalala miaka mingi.

Kifusi: Mzee, Chunya ya leo imelala? Njoo na hoja mpya.

Leseni Mkononi: Wote mnasahau mwenye leseni. Nalipia kila mwaka, nikigeuka watu mia wako kwenye eneo langu. Na utoroshaji mnaousingizia wachimbaji ulipungua tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe 2018.

Binti Karasha: Machi 2019. Na VAT ya wachimbaji wadogo walifuta mwaka huohuo. Mwenye leseni hujui? Unachojua ni kuhesabu mifuko ya mawe ya mgao wako, jasho la wenzako.

Leseni Mkononi: Wewe si ulikuwa unapika? Mgao umeujulia wapi?

Binti Karasha: Wenye duara walikuwa wanakula kwangu. Siri zenu zote nazijua.

Mtu wa Lwamgasa: Tumetoka kwenye mada jamani. Ifungwe au isifungwe?

Kifusi: Kwanza sema, wewe daftari la dada ulilimaliza?

Mtu wa Lwamgasa: Sijawahi kula kwake.

Binti Karasha: Taja rashi uliyokuwepo, nifungue daftari.