Kituo cha sayansi cha "gusa ujaribu" ambako mtoto haruhusiwi kugusa kitu

Wakuu, salaam. Nimejizuia siku tatu nzima ili nisije nikaandika matusi, na hasira bado ninayo.

Jumamosi iliyopita niliwapandisha wanangu wawili na mpwa wangu kwenye Koasta ya alfajiri kutoka Mtwara hadi Lindi, kwa sababu tangazo la kituo kimoja kidogo cha maonyesho ya sayansi, ambacho sitakitaja jina, liliahidi kwamba watoto watajifunza kwa kugusa, kuzungusha na kupima wenyewe. Tulilipa kiingilio cha watu wanne bila ubishi. Hatukupiga hatua tatu ndani tukakutana na karatasi ukutani: USIGUSE.

Kilichoniudhi zaidi ni dainamo. Iko mezani na balbu yake ndogo ya tochi, lakini mpini wake umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukazungushwa mara nne na kupigwa fundo. Mpwa wangu, ambaye yuko darasa la tano, alipouliza inavyofanya kazi, mhudumu alimwonyesha bango na kumwambia asome. Kwamba sumaku ikizunguka karibu na koili ya waya umeme huzalishwa, hilo hata daftari lake la shule linalo. Lisilokuwamo daftarini ni lile ambalo mtoto hulijua kwa kushika tu: balbu ikiunganishwa mpini huwa mzito, ikichomolewa huwa mwepesi, na hapo msuli wake mwenyewe humwambia kuwa mwanga haupatikani bure. Hawa ni watoto wa Mtwara, ambako gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme. Wangeelewa papo hapo ile gesi inachomewa nini. Nilipoomba fundo lifunguliwe kwa dakika moja tu, nami nikiwa nimesimama pale pale, nikajibiwa kwamba watoto wa siku hizi ni waharibifu.

Lenzi zilikuwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Hilo nimelisamehe.

Kona ya dinosaria siisamehe. Tendaguru iko mkoa huu huu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wazee wetu walichimba pale mifupa ya dinosaria chini ya Wajerumani na kuibeba mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi, na leo mnyama mmoja amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Pale kituoni kuna mdoli wa plastiki wa ukubwa wa paka, ndani ya kioo, wenye maelezo ya Kiingereza kitupu. Binti yangu aliuliza kama huyo ndiye wa Tendaguru, na mhudumu akamuuliza Tendaguru ndiyo wapi! Kamba ya katani ya mita 13, ikalazwa uani watoto waipime kwa hatua zao, isingefikia hata kiingilio tulichotoa.

Wakati wa kutoka niliomba daftari la wageni ili niandike haya, nikakuta mzazi mwingine aliyetangulia amelalamikia fundo lile lile la dainamo. Sidai kurudishiwa pesa. Uongozi ukate ule mpira. Risiti ninayo, na Koasta ya alfajiri bado ipo.