Vimondo vya Disemba: Vuria, Shimba Hills ama Vuma?

chande_kisauni: Wadau habari za jioni. Mwaka huu nataka kuviona vimondo vya Geminids kwa macho yangu, nimechoka na video za watu. Kilele ni usiku wa 13 kuamkia 14 Disemba, na kwa hii 2026 mwezi mpya ni tarehe 9 kwa hivyo usiku ule mwezi utakuwa ukucha tu na wazama mapema. Tuko wanne na Probox moja. Nimebakisha tatu: mlima Vuria kule Taita (mita 2,208), Shimba Hills, ama Vuma pale Takaungu. Hapa Kisauni na hizi taa za barabarani nyota nazihesabu kwa vidole. Mwasemaje?

mwana_kwale: Shimba ni karibu ndio lakini sikiza. Geti la hifadhi hufungwa jioni, ukitaka kubaki uwe umelipia kulala ndani, na ndovu wa kule hawajui kama wewe umefuata nyota. Mie nilikaa nje ya hifadhi, shambani kwa mjomba. Giza si tatizo, tatizo ni upande. Hao Mapacha, yaani kundi la nyota ambako vimondo vyaonekana kama vyatokea, huchomoza kaskazini mashariki mwendo wa saa mbili na nusu usiku, na ukiwa Kwale kaskazini mashariki ndo Mombasa yenyewe, ule mwanga wa rangi ya chungwa umekaa pale pale. Mpaka saa tano nilikuwa nimeona saba. Walipopanda juu ya mwanga ndo mambo yakabadilika, lakini mwenzangu alikuwa ashalala.

mzee_mwatate: Kijana wangu, Vuria nimezaliwa chini yake. Giza liko, ila Disemba vuli haijaisha vizuri na ukungu hupenda ule mlima kuliko sisi wenyeji. Kuna vijana wa Mombasa walikuja na hema wakapanda mpaka kwenye minara ya mawasiliano, wakakaa ndani ya wingu hadi asubuhi, nguo chapa maji, kimondo hata kimoja. Mimi usiku ule ule nilitoka nje saa nane kukojoa nikaona viwili kabla sijafunga zipu. Kaeni Mwatate, saa nne mtazame mlima, ukiwa wazi pandeni, umejifunika bakini tambarare mtandike mkeka.

chande_kisauni: 😂😂 mzee shikamoo

mzee_mwatate: Marahaba. Na sweta ulete, si hiyo fulana ya baharini.

bi_kilimia: Mimi nampinga kila mtu, Vuma. Mashariki yote ni bahari, hakuna taa ila ya ngalawa mojamoja, na mwanga wa Mombasa mwauacha upande wa kusini. Pale ni majabali lakini, ikishaingia giza hakuna kutembeatembea ukingoni. Pia msidanganyike na ile hesabu ya vimondo 120 ama 150 kwa saa, hiyo ni mbingu safi kabisa na Mapacha utosini, kwetu Mapacha hufika kama nyuzi 53 tu kutoka upeo wa macho, upande wa kaskazini baada ya saa nane. Uzuri wake haviendi mbio sana, kilomita 35 kwa sekunde, vile vya Agosti ni 59. Hivi vyatokana na vumbi la jiwe linaitwa Phaethon, liligunduliwa 1983, wakati vimondo vingi vya msimu ni vumbi la nyota zenye mkia. Na simu muweke mfukoni jamani, macho yataka nusu saa kuzoea giza, mtu mmoja akifungua WhatsApp mwaanza upya nyote.

mwana_kwale: Chande umeangalia kalenda? Tarehe 14 ni Jumatatu. Taita mwarudi na malori ya barabara ya Nairobi, kilomita 160 kutoka Voi, dereva hajalala.

chande_kisauni: Dereva ni mimi na kazini naingia saa mbili. Basi Vuma, Taita tutaenda na likizo. Bi Kilimia tukupitie wapi?

bi_kilimia: Mtwapa, pale stendi. Kahawa na mahamri juu yangu, mkeka leteni nyinyi.