Saraka ya mada moja mtandaoni: nani hasa hulipa?

Mwalimu_wa_Zamu:

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kufanya jambo hili, siyo waliolisikia.

Nafundisha watu wasioona kutumia kompyuta na simu. Kila darasa jipya huja na maswali yaleyale: programu ipi ya kusoma skrini ni ya bure, vitabu vya kusikiliza viko wapi, michezo gani inachezeka bila kuona, tovuti ipi ya ajira haimkwamishi mtu anayetumia kibodi peke yake bila kipanya. Majibu nimekuwa nikiyaweka kwenye jedwali, nalo limenenepa. Programu za kusoma skrini zimo: NVDA, JAWS na maelezo kwamba ni ya kulipia, TalkBack na VoiceOver; maktaba za vitabu LibriVox na Bookshare zimo, na vitu vidogo vidogo vingi ambavyo ni vigumu kuvipata kwa kutafuta tu. Walimu wenzangu wameanza kuliomba.

Nataka kulifanya tovuti, yaani saraka (orodha ya linki zilizochaguliwa na kupangwa) ya mada hii moja, na inipatie kipato kwa sababu muda ninaoutumia ni mwingi. Video nilizoziona zinasema ni kazi ya wikiendi: programu inakukusanyia linki elfu kadhaa, unazipanga, unaweka matangazo, basi. Siamini. Ila ukweli wenyewe siujui. Nani hulipa? Na kama Yahoo na DMOZ walikuwa na saraka kubwa kiasi kile wakazifunga, mimi na jedwali langu tutasimama wapi?

Kijani_Kibichi:

Mkuu usijiumize kichwa. Weka AdSense, matangazo ya Google yanayolipa, siku ya kwanza, jaza linki nyingi kadiri uwezavyo, watu watakuja. Wingi ndio mtaji.

FundiCherehani:

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka sasa naendesha saraka ya cherehani za zamani: vijitabu vya maelekezo, wauza vipuri, mafundi wanaopokea mashine kwa njia ya posta, na majedwali ya namba. Inanilipa. Siyo kwa kiwango cha hizo video, lakini kila mwezi kinaingia kitu, na nakiheshimu.

Nianze na Yahoo, maana hapo ndipo watu wengi hukata tamaa bure. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo walikuwa wanafunzi Stanford, wakiorodhesha tovuti walizozipenda, na orodha hiyo ikawa Yahoo. DMOZ ikafuata 1998 ikiwa na wahariri wa kujitolea. Zote mbili ziliishia kutaka kuipanga intaneti nzima, na intaneti ikakua haraka kuliko mikono ya wahariri. Injini za utafutaji zikaichukua kazi hiyo. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ Machi 2017. Ila mwaka huohuo 2014 Pieter Levels alianzisha Nomad List kwa jedwali la wazi ambalo watu walijaza wenyewe, linalohusu miji ya kuishi na kufanyia kazi. Mwaka mmoja kabla yake, Ryan Hoover alikuwa ameanzisha Product Hunt, orodha ya bidhaa mpya za teknolojia, kwa orodha ya barua pepe. Jedwali na barua pepe, hivyo tu. Walichokuwa nacho ni kumjua msomaji wao na uamuzi anaotaka kuufanya.

Mtu halipi kwa sababu ya linki, linki ziko bure kila kona. Pesa hutokea pale unapomwondolea mtu hatari ya kukosea. Chukua aliyerithi Singer isiyo na kijitabu. Anahitaji bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Akinunua ya Class 66 kumbe mashine yake hutumia Class 15, uzi unajisokota chini, mashine inakwama, naye anaamini imekufa. Featherweight 221 ina bobini yake ya peke yake. Kwenye sindano ndiyo kabisa: 15x1, HAx1 na 130/705H ni mfumo mmoja wa sindano wenye majina matatu, kwa hiyo watu hukosa kununua iliyo sahihi wakidhani siyo. DBx1 nayo ni ya mashine za kiwandani, shina lake ni la duara, halina ule upande bapa, lakini kwenye picha ya dukani utaapa zinafanana. Jedwali langu la sindano na bobini huleta wasomaji kuliko kurasa zangu nyingine zote. Akishajua anachohitaji, anabofya kwenda kwa muuza vipuri akiwa na uhakika, na muuzaji anafurahi kwa sababu mteja huyo harudishi mzigo.

Wanaonilipa basi ni hao. Wauza vipuri hunipa kamisheni mtu akinunua kupitia linki yangu (Amazon walikuwa na mpango wa namna hiyo tangu 1996, siku hizi hata maduka madogo wanao). Mafundi huorodheshwa bure kwa jina na mawasiliano. Akitaka ukurasa wenye picha, aina za mashine anazozimudu na muda wa kusubiri, analipa ada ya mwaka. Halafu kuna barua pepe ya kila wiki, ina mdhamini mmoja. Matangazo ya kubofya yanataka umati, na saraka ya mada moja haina umati, ina watu wachache wenye shida ileile. Ndugu Kijani, hapo nakupinga kwa heshima.

Jambo moja silegezi kamba: nafasi ya juu haiuzwi kimyakimya. Aliyelipia anaandikwa kuwa amelipia, na linki yake inawekewa alama ya sponsored ambayo Google waliileta 2019. Tangu sasisho lao la utafutaji liitwalo Penguin, la Aprili 2012, kuuza linki za kupandisha tovuti ni kujitafutia kuzikwa kwenye matokeo. Lakini hata Google wasingekuwepo ningefanya hivyo. Mtu anatuma cherehani ya marehemu mama yake kwa fundi kwa sababu mimi nimemweka juu. Ikirudi imeharibiwa, hakuna ada inayolipa hilo.

Halafu kuna kukagua, ambako ndiko muda wote huishia. Programu itakuonyesha linki zinazorudisha 404, yaani ukurasa haupo. Haitakuonyesha ile ambayo jina la tovuti liliachwa likaisha muda, akalinunua mwingine, na sasa ukurasa unafunguka vizuri kabisa ukiwa na kamari. Kwa mashine hiyo ni linki nzima. Inabidi ufungue mwenyewe. Vijitabu vilivyopotea mara nyingi navikuta Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, naandika wazi kwamba ni nakala ya huko.

Karani_Mstaafu:

Niongeze upande wa sheria, maana watu huzoa jedwali la mwenzao zima zima. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni za Feist na Rural, iliyohusu kitabu cha namba za simu, iliamua kwamba taarifa tupu hazina hakimiliki. Kinachoweza kulindwa ni uteuzi na mpangilio wenye ubunifu. Umoja wa Ulaya wana mkondo tofauti: tangu agizo lao la 1996, aliyewekeza sana kukusanya na kuhakiki hifadhidata analindwa kwa miaka 15, hata kama taarifa zenyewe ni za kawaida. Kwa hiyo Mwalimu, jedwali ulilolijenga mwenyewe darasani ni salama zaidi kuliko elfu kadhaa za kuvuta kwa programu. Na maelezo ya kila kitu andika kwa maneno yako.

Shaka_Kidogo:

Nawasoma kwa makini, ila mnaongea kama tuko 2015. Google wanaweka majibu ya akili bandia juu ya matokeo tangu 2024. Mtu anauliza, anajibiwa, hafungui tovuti yoyote. Saraka ya nini?

FundiCherehani:

Hoja yako ni ya kweli na imenigusa. Kurasa zangu za "bobini ni nini" zimepungua wasomaji. Zilizobaki imara ni zile zinazohitaji mtu kuwa amejaribu: fundi yupi anapokea mashine mwezi huu, duka lipi lina mkanda wa injini wa ukubwa fulani, kijitabu kipi kimeskaniwa na kurasa zake zote. Hayo hubadilika, na hakuna anayeyajua bila kuuliza. Na ndiyo sababu nang'ang'ania barua pepe. Msomaji aliyenipa anwani yake simfikii kwa hisani ya injini ya utafutaji.

Mwalimu ana bahati kuliko mimi hapa. "Je, programu hii inatumika na NVDA" ni swali ambalo jibu lake linaweza kugeuka kila toleo jipya linapotoka. Vitufe vilivyokuwa na majina leo, kesho vinasomwa "kitufe, kitufe, kitufe". Anayekaa chini na kukijaribu kimoja kimoja ana kitu ambacho hakiokotwi.

Mwalimu_wa_Zamu:

Asanteni sana, hasa Fundi. Shida yangu imebaki moja. Wasomaji wangu wengi hawana kipato kikubwa na sitaki kuwatoza hata senti. Na wanaotengeneza vifaa wakinilipa, nitasemaje kwamba kifaa chao ni kibovu?

FundiCherehani:

Usiwatoze wasomaji, hilo hata mimi sifanyi. Tenganisha vitu viwili: hukumu yako, ambayo haina bei, na kuonekana, ambako kunaweza kulipiwa. Mwajiri anayetaka kuwafikia waombaji wasioona analipia tangazo la kazi. Muuza vionyeshi vya nukta nundu anadhamini barua pepe. Lakini majaribio yako ya kifaa chake yanabaki yalivyo, na hilo unaliandika kwenye ukurasa wa masharti kabla mtu hajalipa, ili asije na malalamiko. Atakayekataa kwa sababu hiyo, mwache aende. Taasisi nazo huhitaji mtu wa kukagua kama tovuti zao zinasomeka. Hiyo ni kazi ya mkataba, na saraka ndiyo itakayowaonyesha kwamba unaijua. Ukimkagulia mtu kwa malipo, sema hivyo popote unapomtaja.

Anza na sehemu moja tu. Ningekuwa wewe ningechagua tovuti za ajira, kwa sababu mtu akikwama katikati ya fomu ya maombi anapoteza nafasi. Ishirini zilizojaribiwa mpaka kitufe cha mwisho zinatosha kuanzia. Kila moja iwe na tarehe ya ukaguzi, toleo la programu ya kusoma skrini, kivinjari, na pale ulipokwama kwa maneno kamili. Na saraka yenyewe iwe na vichwa vya habari halisi siyo maandishi makubwa tu, maana wasomaji wako huruka kutoka kichwa hadi kichwa.

Mwalimu_wa_Zamu:

Nimejaribu kuandika moja, ya vitabu, nione mtindo. Nikosoeni:

"LibriVox. Vitabu vya kusikiliza, bure, havihitaji kujisajili. Husomwa na watu wa kujitolea tangu 2005, na ni vile tu visivyobanwa na hakimiliki Marekani, kwa hiyo usitegemee riwaya mpya. Bookshare. Ina vitabu vipya pia, lakini lazima uthibitishe kwamba una ulemavu unaokuzuia kusoma maandishi ya kawaida."

FundiCherehani:

Nzuri. Hapo kwenye kuthibitisha ndipo mtu wako atakapokwama, kwa hiyo kaa hapo zaidi: anathibitishaje, nani anaruhusiwa kumtilia sahihi, na je, fomu yenyewe inajazika kwa kibodi mpaka mwisho? Ijaze wewe na mwanafunzi mmoja, kila mmoja kwa mashine yake, kisha weka tarehe. Na uzitenganishe, kila moja na kichwa chake.

Mwalimu_wa_Zamu:

Naifanya kesho na darasa la asubuhi. Nitarudi na matokeo.