Steve Jobs: mnatetea ubora au mnatetea roho mbaya?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila Oktoba ikiingia, mwezi aliofariki huyu mwanzilishi mwenza wa Apple, picha ni zile zile: sweta nyeusi, miwani ya duara, mkono kidevuni, na chini yake maneno ya hekima kuhusu kuthubutu. Akitokea mtu akagusia tabia ya marehemu, anarukiwa hapo hapo: "Alikuwa mkali, sawa, lakini bila ukali ule usingekuwa na hiyo iPhone mkononi." Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya utetezi huo mmoja tu. Na simu sina ugomvi.

Mtu akiniambia Jobs alikuwa mkali kwa ajili ya kazi, namwelewa. Aligombana na wahandisi kuhusu mpangilio wa chipu ndani ya kompyuta ya Macintosh, sehemu ambayo mteja hata hakutarajiwa kuifungua aione. Huo ni wazimu, lakini ni wazimu wa fundi. Wapo waliofokewa na bado wanasema hawajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Hapo nanyamaza.

Haya, nielezeni hili. Mwaka 1975 Atari, kampuni ya michezo ya video, wanampa Jobs kazi ya kutengeneza mchezo wa Breakout. Ufundi wa kuimaliza hana, anamwita rafiki yake Steve Wozniak, ambaye baadaye walianzisha naye Apple. Wozniak mchana yuko kwa mwajiri wake, Hewlett-Packard, usiku anachora saketi. Siku nne, kazi imekwisha. Jobs anamwambia malipo ni dola 700, tugawane sawa kwa sawa, anamkabidhi 350. Kumbe kulikuwa na bonasi ya maelfu ya dola kwa kupunguza idadi ya chipu, yaani kwa kazi ile ile iliyofanywa na kichwa cha Wozniak! Wozniak alikuja kuisikia miaka kadhaa baadaye na ikamtoa machozi. Jobs alikana. Wozniak kwa upande wake amesema angeambiwa tu kwamba mwenzake ana shida ya hela, angemwachia. Sasa ubora ulidai nini hapo? Saketi ilishakamilika. Kilichobaki ni kugawana tu.

Daniel Kottke ndiye anayeniuma zaidi. Alisoma na Jobs chuoni, wakasafiri wote India, akawa miongoni mwa waliokaa nyumbani kwa kina Jobs wakiunganisha kompyuta za kwanza za Apple. Kampuni inajiandaa kuingia soko la hisa, Kottke hana hata hisa moja ya waanzilishi. Mhandisi mwenzao, Rod Holt, alimwonea huruma akamfuata Jobs: chochote utakachompa, na mimi nitampa kiasi hicho hicho. Jobs akajibu kwamba sawa, yeye anampa sifuri. Soma tena hapo. Aliyechukua hisa zake mwenyewe akawapa na kuwauzia wafanyakazi wenzake kwa bei ya chee ni Wozniak, yule yule wa dola 350. Lakini wangapi wameweka picha ya Wozniak kwenye wasifu wao?

Habari ya mtoto mnaijua, ila tarehe zake wengi hawazijui. Lisa, binti wa Jobs, alizaliwa Mei 1978. Jobs alikwenda akashiriki hata kumchagulia jina, kisha akamkana. Kesi ya matunzo ikafika mahakamani, kipimo cha ubaba kikaonyesha uwezekano wa asilimia 94, na mwishowe akakubali kulipa dola 500 kwa mwezi. Mawakili wake walihimiza shauri lifungwe, likafungwa tarehe 8 Desemba 1980. Apple iliingia soko la hisa tarehe 12 Desemba. Siku nne! Siku hiyo utajiri wake ulipita dola milioni 200. Na hakuishia hapo: mwaka 1983 jarida la Time lilimnukuu akidai kwamba asilimia 28 ya wanaume wa Marekani wangeweza kuwa baba wa yule mtoto. Mwaka huo huo kampuni inauza kompyuta iitwayo Lisa, na umma unaambiwa jina hilo ni kifupi cha maneno ya kiufundi. Baadaye sana ndipo alipokiri kwa mwandishi wa wasifu wake kwamba ni jina la binti yake. Aliomba msamaha, Lisa akaishi naye alipokuwa msichana mkubwa, na hilo ni la familia yao, siligusi. Ninachouliza ni kile kile: mtoto kukanwa kuliifanya kompyuta gani iwe nzuri zaidi?

Mkisema hayo ni ya ujana, twendeni 2007, mwaka wa iPhone yenyewe. Apple na Google walikuwa na makubaliano ya chini kwa chini kwamba hakuna kuchukuliana wafanyakazi. Afisa ajira mmoja wa Google akamwandikia mhandisi wa Apple. Jobs akamlalamikia Eric Schmidt, bosi wa Google wakati huo, aliyekuwa pia kwenye bodi ya Apple. Yule afisa akafukuzwa kazi ndani ya saa moja. Taarifa ilipomfikia Jobs aliisambaza kwa mwenzake ikiwa na alama ya tabasamu. Tabasamu, wakuu, mtu kapoteza kazi! Wahandisi zaidi ya 64,000 walihusika kwenye kesi iliyofuata kuhusu makubaliano ya aina hiyo, na mwaka 2015 Apple, Google, Intel na Adobe wakakubali kulipa dola milioni 415. Miongoni mwa hao wamo watu walioijenga hiyo simu mnayomsamehea, na mishahara yao ndiyo iliyobanwa.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi chini ya kijana mmoja, kampuni ya watu kumi na mmoja. Kila kikao lazima mtu atoke analia, na ukilalamika unaambiwa Jobs alikuwa hivyo hivyo. Programu yetu yenyewe ilikuwa inagoma kufunguka nusu ya siku. Matusi alishayaiga yote, ubora sijui alikuwa anausubiri mwaka gani.

Najua kuna wanaoandaa jibu la "wivu tu" na "wewe umegundua nini?" Leteni. Ila kabla ya povu, mmoja wenu anitajie kitu kimoja, hata kitufe, ambacho kisingekuwepo kwenye iPhone kama Kottke angepewa hisa zake.