Laptopu imekuwa kobe baada ya kupanda Windows 11, prosesa haivuki 0.39 GHz

mtoto_wa_ilala
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada. Nina laptopu ya Core i5-8250U, RAM 8 GB, SSD. Kwa kuwa Microsoft waliachana na Windows 10 tangu 14 Oktoba 2025, wikiendi hii nikaipandisha kwenda Windows 11. Ilikubali vizuri tu. Tangu hapo ni mateso: Excel inafunguka kwa kusuasua, video zinakatakata. Task Manager inasoma mwendo wa prosesa 0.39 GHz na haitikisiki hata nifungue programu ngapi. Joto hakuna, feni kimya. Nimeweka "Best performance" kwenye Power mode, wapi. Nirudi Windows 10 au kuna dawa?

Mzee_wa_Kufomati
Piga chini yote, weka Windows upya kwa flashi. Kupandisha juu kwa juu kunaacha takataka.

tuxi_pemba
Achana na Windows, hamia mfumo wa Linux mkuu, hizo presha utazisahau.

fundi_temeke
Usifomati kwanza. Prosesa hiyo mwendo wake wa kawaida ni 1.6 GHz, ikibanwa na kazi inapanda hadi 3.4. Chini kabisa ni 400 MHz, ndiyo hiyo unayoiona. Tatizo likiwa mipangilio ya Windows, mara nyingi utaona namba inachezacheza. Kuganda chini kabisa muda wote, tena bila joto, maana yake kuna kitu nje ya prosesa kinaiamuru ijibane. Chaja ni ile iliyokuja nayo? Na betri inapanda ukichomeka?

mtoto_wa_ilala
Ile ya mwanzo ilikufa. Nikachukua nyingine Kariakoo kwa 25,000, maana kupandisha Windows kwa betri peke yake niliogopa. Betri imekwama 61%, nikajua imechoka tu. Sasa chaja na spidi vinahusianaje?

fundi_temeke
Chomoa chaja uangalie Task Manager. Isipobadilika, zima kabisa uwashe kwa betri.

mtoto_wa_ilala
Mkuu!! 2.9 GHz! Nimechomeka tena, ikadondoka hapohapo 0.39.

fundi_temeke
Basi Windows 11 mnaisingizia. Chungulia mdomo wa chaja, katikati kuna kipini chembamba. Hicho si cha kupeleka umeme, ni cha kupeleka taarifa. Ndani ya chaja sahihi kuna kichipu kinachoitambulisha kuwa ni ya wati 65 au 90. Nyingi za bei poa hazina kichipu hicho, au kinadanganya. Ubao mama usipoitambua chaja, unahesabu kuwa ni dhaifu: unasimamisha kuchaji betri, halafu unavuta ishara inayoitwa PROCHOT. Kiasili hiyo ni ishara ya prosesa kusema imepata joto, ila Intel wameruhusu itumike pande zote mbili, ndiyo BD PROCHOT, hivyo ubao nao unaweza kuivuta. Prosesa ikiipata haiulizi joto liko wapi, inashuka.

tuxi_pemba
Kumbe hata Linux isingemsaidia.

fundi_temeke
Ingekwama vilevile. Ila flashi ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ni kipimo kizuri: iwashe bila kuisakinisha, mashine ikiwa nzito na huko, ujue Windows haina kosa.

Mzee_wa_Kufomati
Si ashushe ThrottleStop, ile programu ya kudhibiti mwendo wa prosesa, atoe tiki kwenye BD PROCHOT, imeisha hiyo?

fundi_temeke
Kwa leo usiku kama ana kazi ya kuwasilisha, sawa. Prosesa bado itajilinda na joto lake yenyewe. Lakini betri itaendelea kugoma, tiki inarudi akizima na kuwasha asipoipanga ijiwashe na Windows, na hiyo chaja hatujui inahimili wati ngapi kweli. Mimi dawa hiyo namwekea mteja ambaye sensa ya ubao imekufa na hana namna nyingine.

Ilala, rudi dukani na laptopu yako. Soma wati zilizoandikwa chini yake, chomeka chaja hapohapo kaunta, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kwenye ukurasa wa betri. Ikitaja wati, lipa. Ikiandika haitambui, muachie chaja yake. Na ukipata chaja halisi bado ikagoma, kagua tundu la kuchomekea kwenye laptopu, waya wa kile kipini hukatika. Mashine nyingi tundu hilo lina waya wake tofauti na ubao, kulibadilisha si kazi kubwa.

mtoto_wa_ilala
Nimekupata mkuu. Kesho asubuhi niko kwake, risiti ninayo.

bahari_nyali
Samahani kudandia uzi, mimi niko Mombasa. Yangu pia ni 8250U na nimeipandisha juzi. Haipiti 1.6 hata kidogo, iwe kwa chaja au kwa betri. Betri inajaa sawa.

fundi_temeke
Yako tofauti kabisa. Kuna wakati uliibana isipate joto? "Maximum processor state" ikiwekwa 99%, turbo, yaani ule uwezo wa kupanda juu ya 1.6, inazimika, na mpangilio huo unaweza kubaki hata ukipandisha. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg -restoredefaultschemes`. Itafuta mipango yote ya umeme uliyojitengenezea, kwa hiyo kama kuna unayoipenda iandike pembeni kwanza.

bahari_nyali
3.2 GHz! Ni ndugu yangu aliyeiweka hivyo, alisema feni inampigia kelele.